Jodari wa mkebe asigeuzwe ugali

Kwa Mhariri,

Nimekuwa nikifuatilia malumbano ya wasomaji wako kuhusu jodari, na naona watu wamegawanyika pande mbili. Upande mmoja unasema huyu ndiye protini yenyewe, aliwe asubuhi na jioni. Upande wa pili unasema ana sumu ya zebaki, mikebe yote itupwe. Mimi nauza chakula hapa Kondele, Kisumu. Nilizaliwa pwani nikalelewa kwa samaki wa bahari, nikaolewa huku kwenye samaki wa ziwa, na kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosea. Jodari ni chakula kizuri sana. Mtu ale mara mbili au tatu kwa wiki, ajue ni jodari yupi aliye ndani ya mkebe, na akishaufungua auweke mahali pa baridi. Mambo hayo matatu ndiyo sijayaona yakiandikwa, ilhali kelele ni nyingi.

Najua msomaji wa Mombasa atacheka na kuuliza Kisumu na jodari wapi na wapi, watu walio na ziwa mlangoni. Aje aone. Wanafunzi wa vyuo wanapanga vyumba vya bati Manyatta na Nyalenda, hawana friji, wengine hata jiko hawana. Omena, yaani dagaa wa ziwa letu, anataka kupetwa, kuoshwa kwa maji moto na kukaangwa, na harufu yake inafika kwa mwenye nyumba kabla hujaonja. Ngege (sato) mzima anataka sufuria na mafuta. Mkebe wa jodari unautia kidole kwenye pete, unauvuta, unakamulia ndimu, unakula na mkate. Mimi mwenyewe naupenda. Nauza sambusa za jodari na kabla ya saa kumi jioni zimekwisha.

Ila nina mteja mmoja, kijana wa chuo anayebeba chuma kwenye jimu. Chapati zangu hali, anasema zinamharibia tumbo. Huja na mikebe yake miwili kwenye begi, kila siku ya Mungu, ananiomba kachumbari tu na pilipili. Nikamwambia, "Mwanangu, hata dawa ina dozi." Akanijibu, "Mama, hii si dawa, ni protini tupu, haina shida." Wiki hiyo hiyo akaja mke wa jirani yangu, mja mzito wa miezi mitano, akaniambia ameambiwa na wenzake asiguse samaki wa aina yoyote mpaka ajifungue. Ameacha jodari, ameacha ngege, ameacha hata omena. Anakula ugali na sukuma wiki, na uso umempauka. Hawa wawili ndio walionifanya nishike kalamu, maana mmoja anakula kupita kiasi na mwingine ananyimwa haki ya mtoto wake, na wote wawili kwa sababu ya maneno ya kuokoteza.

Tuanze na hiyo zebaki. Wengi wanadhani inatiwa kiwandani kama dawa ya kuhifadhi samaki, au inatoka kwenye bati la mkebe. Hapana. Samaki anakuwa nayo akiwa hai baharini. Zebaki inatoka kwenye volkano, kwenye makaa ya mawe yanayochomwa viwandani, na zaidi ya yote kwenye dhahabu ya wachimbaji wadogo. Hapo ndipo sisi wa magharibi mwa Kenya tunapaswa kunyamaza kidogo, maana biashara hiyo tunaijua kwa karibu. Nendeni Migori, nendeni Ikolomani kule Kakamega. Mtu anakoroga mchanga na zebaki ndani ya karai kwa mikono mitupu, anakamua kwenye kitambaa mpaka apate kidonge cheupe, halafu anakichoma juu ya makaa huku watoto wamesimama pembeni. Dhahabu inabaki, zebaki inapanda hewani. Duniani kote, uchimbaji wa namna hiyo ndio unaotoa zaidi ya theluthi moja ya zebaki yote ambayo binadamu humwaga hewani. Sisemi zebaki ya Migori ndiyo iliyo kwenye sambusa zangu. Nasema hewa haina mpaka, mvua huishusha, na mwisho wake ni majini.

Ikifika majini, vijidudu huigeuza kuwa zebaki ya aina nyingine inayoingia kwenye nyama ya viumbe na haitoki upesi. Dagaa wanakula vijidudu, samaki wa wastani wanakula dagaa, jodari anakula hao wote. Kwa hiyo kadiri samaki anavyokuwa mkubwa na mzee, na kadiri anavyokula samaki wenzake, ndivyo anavyozidi kukusanya. Papa na nduaro ni miongoni mwa waliojaa zaidi. Nayo imeshikana na nyama yenyewe, kwa hiyo usijisumbue kumwosha kwa siki, kumwaga mafuta ya mkebe, wala kumchemsha mpaka akauke. Utaharibu mchuzi bure na zebaki utaila pale pale.

Hofu yote hii ina chanzo chake. Mwaka 1956, katika mji wa Minamata kule Japani, madaktari walianza kuona watu wanaotetemeka, wanaokufa ganzi mikononi, wasioona pembeni na wasioweza kutembea sawasawa. Paka wa mji walikuwa wakirukaruka kama wamepagawa kabla ya kufa. Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilikuwa kikimwaga zebaki kwenye ghuba yao, na watu walikuwa wakila samaki wa ghuba hiyo kila siku. Lililowatisha madaktari zaidi ni kwamba baadhi ya akina mama walionekana wazima au wenye dalili ndogo tu, lakini watoto waliowazaa walikuwa na ulemavu mkubwa, kwa sababu zebaki hupita kwenye kondo la nyuma na kushambulia ubongo unaojengwa. Ndiyo maana mkataba wa kimataifa wa kupunguza zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, ukapewa jina la Minamata. Ndiyo maana pia kila ushauri kuhusu jodari huanza na mja mzito. Lakini samaki wa Minamata walikuwa wameoga kwenye maji taka ya kiwanda. Kuchukua habari ile na kuibandika kwenye kila mkebe wa dukani ni kumtisha mtu bila sababu.

Sasa nimrudie kijana wangu wa jimu, nimpigie hesabu, maana anasoma uhandisi na hesabu anaziheshimu kuliko maneno ya mama wa kibanda. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na wenzao wa Shirika la Chakula na Kilimo waliweka kipimo mwaka 2003: mikrogramu 1.6 za zebaki hiyo kwa kila kilo ya uzito wa mwili, kwa wiki (mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu). Kijana ana kilo 70, kwa hiyo fungu lake ni mikrogramu 112 kwa wiki. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imepima jodari wa mkebe kwa miaka mingi, ikakuta yule wa nyama nyepesi, anayeandikwa light, ana wastani wa mikrogramu 0.126 kwa gramu. Ukimwaga maji, mkebe wa kawaida unabaki na nyama ya gramu 120 hivi, yaani mikrogramu 15. Mikebe miwili kwa siku ni 14 kwa wiki, na hiyo ni zaidi ya mikrogramu 210, karibu maradufu ya fungu lake. Na huyo ndiye jodari mwenye zebaki kidogo. Angekuwa anakula yule anayeandikwa albacore, mwenye nyama nyeupe, ambaye wastani wake ni 0.35, angefika karibu 590, mara tano. Zebaki hii mwili huitoa polepole, nusu yake huchukua karibu miezi miwili, kwa hiyo ya leo inaikuta ya juzi bado iko ndani.

Sitaki kumtisha. Kipimo hicho kimewekwa kwa kumfikiria mtoto aliye tumboni, na mwanamume mzima hataanguka kesho kwa kukizidisha. Lakini kuna haja gani? Maharagwe yapo, mayai yapo, maziwa yapo, njugu zipo, na mimi omena nauza.

Kwa mja mzito, ushauri wa Marekani ni huu: jodari wa mkebe wa nyama nyepesi, milo miwili hadi mitatu kwa wiki, kila mlo gramu 113 hivi. Yule albacore, na yule mwenye mapezi ya manjano anayeandikwa yellowfin, mlo mmoja tu kwa wiki, na wiki hiyo asile samaki mwingine. Yule mwenye macho makubwa, bigeye, amwache kabisa. Uingereza wao ni wakarimu zaidi, wanamruhusu mikebe isiyozidi minne kwa wiki. Mimi nimemshauri mke wa jirani asimame kwenye miwili, na siku nyingine ale samaki wa ziwa. Hakuna hata nchi moja kati ya hizo iliyomwambia asile samaki. Kinyume chake, wanamhimiza ale, kwa sababu mafuta ya samaki ndiyo yanayosaidia kujenga ubongo na macho ya mtoto, na jodari ana vitamini B12, ana seleniamu, ana vitamini D kidogo, na protini yake ni zaidi ya gramu 20 katika kila gramu 100. Watoto nao wale, ila kwa kiasi chao. Mtoto wa miaka mitatu, vijiko viwili vya jodari vinamtosha kwa mlo, mara mbili kwa wiki.

Na aina zenyewe utazijuaje? Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mikebe mingi niliyonunua hapa mjini imeandikwa tuna kwa herufi kubwa, na picha ya samaki anayeruka, basi. Jina la samaki mwenyewe, kama lipo, liko nyuma, chini ya namba za kiwanda, kwa herufi ambazo miwani yangu haizisomi. Ukiona skipjack, mchukue. Huyo ni jodari mdogo, anayekua haraka na kuzaa haraka, kwa hiyo hajapata muda wa kukusanya zebaki nyingi. Na huko baharini hali yake ni nafuu pia, kwa sababu yule wa mapezi ya manjano wa Bahari ya Hindi, kwa miaka kadhaa tangu 2015, wataalamu walikuwa wakisema anavuliwa kuliko anavyozaliana, ingawa tathmini ya mwaka 2024 ilionyesha amepata nafuu. Ukiona neno light, maana yake ni rangi ya nyama, si kwamba mkebe hauna mafuta. Nimewasikia akina dada wakibishana juu ya hilo mbele ya rafu ya supamaketi, mmoja akitaka kupunguza mwili.

Zebaki inatosha. Kuna hatari nyingine ambayo kwa joto letu la Kisumu iko karibu zaidi, na sijamwona msomaji hata mmoja akiigusa.

Kulikuwa na harusi Kaloleni, hapa hapa Kisumu, na mwenye shughuli alitaka wageni wake wale samaki wa bahari, si ngege wa kila siku. Jodari wabichi wakaagizwa kutoka Mombasa kwa basi la usiku, ndani ya boksi la barafu. Ni zaidi ya kilomita 800. Boksi likawekwa kwenye buti, barafu ikayeyuka njiani, basi likachelewa, na samaki wakafika jua limeshapanda. Walitazamwa, wakanuswa. Nyama ilikuwa nyekundu, macho yamekaa vizuri, harufu ni ya bahari tu. Wakakatwa, wakatiwa viungo, wakakaangwa na kupikwa mchuzi. Mimi nilikuwa upande wa pilau. Haikupita saa moja tangu watu waanze kula, nikaona wageni wanaanza kushika vichwa. Nyuso zimeiva, shingo zimetoka mabaka mekundu, moyo unakwenda mbio. Mzee mmoja alikuwa analalamika tangu tonge la kwanza kwamba samaki anawasha ulimi, akadhani ni pilipili manga. Wengine wakaanza kunong'ona mambo ya husuda na macho ya watu. Bahati nzuri alikuwepo tabibu miongoni mwa waalikwa, akatuma mtu duka la dawa alete vidonge vile vya mzio, na kufikia magharibi wote walikuwa wametulia.

Tabibu yule alitueleza vizuri na maneno yake nimeyahifadhi. Jodari, vibua na jamaa zao wana kitu ndani ya nyama ambacho bakteria, samaki akikosa baridi, hukigeuza kuwa histamini, ile ile ambayo mwili wenyewe huimwaga mtu akiwa na mzio. Ndiyo maana dalili zinafanana, na ndiyo maana wengi walioumwa siku ile walitoka wakiamini hawapatani na samaki wa bahari, ilhali hawana tatizo lolote. Na ubaya wake, histamini ikishaingia haitoki. Hukaangi ukaiondoa, huchemshi ukaiua, hugandishi ukaipunguza. Ile methali ya samaki mmoja akioza haisaidii hapa, kwa sababu huyu haonekani kuoza. Kinga ni moja tu: barafu tangu anapovuliwa mpaka anapoingia sufuriani, joto lisizidi nyuzi 4. Anayetaka kuagiza jodari mbichi kutoka pwani aagize aliyegandishwa mpaka akawa jiwe, na akifika amelegea, amkatae. Samaki wa ziwa wetu hawana tabia hiyo kwa kiwango hicho, wakiharibika pua inakuambia, ndiyo maana mazoea ya ufuo wetu wa Dunga hayatoshi kwa samaki wa Mombasa.

Mkebe nao, ukiwa umefungwa, kwa kawaida samaki wake haendelei kuharibika, kwa sababu umepikwa kiwandani kwa joto linalopita la maji yanayochemka. Ukishafunguliwa, hesabu ni nyingine. Nawaona vijana wanafungua mkebe saa nne, wanakula nusu, wanaufunika kwa kitabu, wanamalizia saa kumi na moja. Kwa joto la hapa, nje ya friji asikae zaidi ya muda wa saa mbili, na mchana wa jua kali muda wa saa moja tu. Kama una friji, mhamishie kwenye bakuli lenye kifuniko na umle ndani ya siku tatu. Kama huna, fungueni mmoja watu wawili mmalize. Mkebe uliovimba usiufungue hata kwa udadisi, na uliobonyea kwenye mshono au uliopata kutu ya kula bati, mwachie mwenye duka hata akikupunguzia bei. Hasa akikupunguzia bei.

Sasa niingie jikoni, maana mtu akiniambia jodari ni mkavu na hana ladha, najua aliyempikia.

Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba wa mkebe ameshaiva. Watu wanamtia kwenye karai pamoja na vitunguu, wanamkaanga robo saa mpaka anakuwa unga wa mbao, halafu wanaongeza maji. Mimi namtia mwisho. Kaanga kitunguu mpaka kiwe rangi ya chai ya maziwa, tia saumu na tangawizi, tia nyanya tatu zilizoiva na hoho, bizari kidogo, na uwe na subira mpaka mafuta yapande juu ya nyanya. Hapo ndipo umwage jodari, umgeuze mara mbili kwa upole asivunjike, kamulia ndimu, funika, dakika mbili, epua. Chumvi onja kwanza, mkebe una chumvi yake tayari. Mchuzi huo na ugali wa mtama hauna mpinzani. Ukitaka wa nazi, tui jepesi linaingia baada ya nyanya, tui zito mwisho kabisa, na jodari baada yake.

Katlesi ndizo zinazonilipia kodi ya kibanda. Kilo ya viazi, chemsha na maganda yake, menya vikiwa moto, ponda vikiwa vikavu kabisa. Mikebe miwili ya jodari, mwaga maji au mafuta, kisha mkamue kwa mkono mpaka asidondoshe hata tone, kwa sababu maji hayo ndiyo yanayopasua katlesi kwenye mafuta. Dhania nyingi, pilipili mbichi iliyokatwakatwa, pilipili manga, maganda ya ndimu yaliyokunwa. Finyanga, bonyeza kidogo, chovya kwenye yai lililopigwa, kaanga mafuta yakiwa yamepata moto sawasawa. Akina mama wenye watoto wasiopenda samaki, jaribuni hizi. Sambusa nazo ni nyama hiyo hiyo bila viazi, ila kitunguu ukitie moto ukishazimwa, kibaki na ukakamavu.

Jodari mbichi, ukimpata wa kuaminika, ni samaki wa haraka. Ile nyama nyeusi iliyo kandokando ya uti iondoe, ina ukali wa damu, ingawa marehemu bibi yangu alikuwa akiikaanga peke yake na kuila na muhogo na hakutaka kugawia mtu. Kata vipande vya unene wa vidole viwili, paka chumvi, saumu, ndimu na ukwaju, mwache nusu saa ndani ya friji. Karai liwe moto hasa. Dakika tatu upande huu, tatu upande wa pili, na kwa mja mzito ongeza moja moja, katikati pasibaki pabichi. Wale wanaotaka kumla mbichi kwa sababu wameona wenzao wa Japani wakila, mimi simo. Wajapani wana baridi yao na masoko yao. Sisi tuna basi la usiku.

Kwa upande wa nyumbani kwangu, mume wangu ni Mjaluo wa Seme na kwake samaki asiye na kichwa ni wa kutiliwa shaka. Mkebe wa kwanza alioniona nao aliuzungusha mkononi akaniuliza mengine wameyapeleka wapi. Sasa anakula, lakini nikimpikia na osuga, yaani mnavu, iliyolazwa kwa maziwa, na bado huita kile chakula mboga, si samaki.

Naye ana hoja, maana mjadala huu umewafanya watu wamsahau omena. Mtazameni kwa vigezo vile vile. Ni mdogo, maisha yake ni mafupi, chakula chake ni wadudu wadogo wa majini, kwa hiyo zebaki yake ni ndogo. Analiwa mzima na mifupa yake, na huko ndiko kwenye kalisiamu ambayo jodari wa mkebe anayo kidogo tu. Bei ya mikebe michache ya jodari inakununulia omena wa kutosha nyumba nzima siku kadhaa pale sokoni Kibuye. Kwa hiyo mja mzito aliyekatazwa omena amekatazwa kile ambacho angepaswa kuanza nacho. Hata ngege na mbuta (sangara) wana nafasi yao, ingawa mbuta mkubwa kupita kiasi ni mla samaki wenzake, na kwa sababu hiyo mimi huchagua wa wastani. Kibandani kwangu jodari ni Jumanne na Ijumaa, siku nyingine ni omena, maharagwe au ndengu. Kijana wa jimu amekasirika, lakini bado anakuja.

Ombi langu kwa wanaoleta mikebe hii nchini, na kwa wanaosimamia ubora wa vyakula, ni dogo. Waandike mambo mawili upande wa mbele: jina la samaki aliyemo, na uzito wa nyama baada ya kumwaga maji. Uzito wa maji sihitaji, maji ninayo. Na kwa wenye maduka ya hapa Kondele wanaopanga mikebe nje kwenye jua la saa saba ili ionekane na abiria wa tuktuk: irudisheni ndani.

Nitashukuru ukinipa nafasi.

Mpishi wa kibanda,
Kondele, Kisumu